LENZI INAYOTIWA NDANI YA JICHO

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo ya watu wazima, Handeni na Korogwe. Limepigwa chapa kama lilivyosomwa hewani, ili walimu waweze kulirudia pamoja na wanafunzi wao.

  Kwa somo la leo mwalimu wa darasa atahitaji vitu vitatu: yai moja, rula, na kioo cha mkono kinachokuza maandishi. Kama kioo hicho hakipo, aazime miwani ya kusomea ya mzee yeyote aliye hapo, nayo itafaa.

Somo limetokana na barua. Mama mmoja wa darasa la Kabuku, wilaya ya Handeni, ameandika kwa mkono wake mwenyewe kurasa mbili nzima, na nampongeza kwa mwandiko. Habari yenyewe ni nzito. Kijana wake ana miaka 18. Tangu utoto vitu vya mbali anaviona kama vimefunikwa na ukungu, na shuleni alikuwa akisoma ubaoni kwa kubahatisha, hata wenzake wakamwita mzito wa kichwa, naye akaacha masomo. Mwaka huu alipimwa macho, akaambiwa kuwa ana ugonjwa wa kutoona mbali pamoja na kitu kiitwacho astigmatizimu. Sasa mjomba wake aliyeko Dar es Salaam amepiga simu na kusema kwamba siku hizi iko lenzi inayotiwa ndani ya jicho, na mwenye kutiwa hahitaji miwani tena. Gharama yake ni kubwa. Mama huyu anayo ekari mbili za michungwa. Anauliza: je, auze shamba?

Nitamjibu, lakini tuelewane kwanza kuhusu jicho lenyewe, maana jibu linatoka humo.

Mwalimu, tafadhali chukua kioo cha mkono. Simama ndani ya darasa, mbali kidogo na mlango ulio wazi au taa, ushike karatasi nyeupe nyuma ya kioo. Sogeza kioo mbele na nyuma polepole. Wanafunzi, tazameni karatasi. Mahali fulani mtaona picha ndogo ya mlango au ya taa, nayo imepinduka, juu chini. Kioo kikisogea kidogo tu, picha inafifia.

(Hapa mwalimu azime redio kwa dakika tano, kila mwanafunzi ajaribu.)

Basi, jicho ni chumba cha giza kinachofanya kazi iyo hiyo. Mbele kabisa pana ngozi angavu kama kioo, iitwayo konea. Nyuma yake pana lile duara lenye rangi, na katikati yake tundu jeusi ambalo sisi huliita mboni. Nyuma ya mboni imo lenzi ya asili tuliyozaliwa nayo. Konea na lenzi husaidiana kukusanya nuru, na picha huangukia ukuta wa nyuma wa jicho, uitwao retina. Huo ndio karatasi yetu nyeupe.

Jicho la mtu mzima lina urefu wa milimita 24 hivi kutoka mbele hadi nyuma. Likirefuka milimita 1 tu kupita kiasi, picha inaangukia mbele ya karatasi badala ya kuangukia juu yake, na mtu hawezi tena kuona vizuri ng'ambo ya barabara. Vitu vya karibu anaviona barabara. Ndiyo maana mtu wa namna hii huweza kutunga shanga au kuchagua mchele vizuri sana, kisha akampita shangazi yake njiani bila kumwamkia, watu wakadhani ana kiburi.

Kutoona mbali kunaweza kupimwa hata kwa rula. Mwenye macho hayo avue miwani, afumbe jicho moja, ashike kitabu karibu sana, kisha akisogeze mbali taratibu mpaka herufi zianze kufifia. Pimeni kutoka jichoni hadi kitabuni kwa sentimeta. Gawanyeni 100 kwa hesabu hiyo. Akifika sentimeta 50, jibu ni 2. Akifika sentimeta 25, jibu ni 4. Hiyo ndiyo takriban namba ya miwani yake, na kipimo chake huitwa dayopta. Mpimaji huandika alama ya kutoa mbele ya namba, kwa sababu kioo cha miwani hiyo kimebonyea katikati na hutawanya nuru kidogo kabla haijaingia jichoni. Hesabu yetu ya rula haitoshi kununulia miwani, lakini yatosha kumjulisha mtu kwamba hali yake inapimika na ina jina.

Sasa tuje kwenye lile neno refu, astigmatizimu. Mwalimu, linyanyue yai. Likiwa limelala, pitisha kidole juu yake kwa urefu, kisha kwa upana. Kwa upana limejikunja kwa haraka zaidi kuliko kwa urefu. Konea nzuri yafaa iwe imejikunja sawasawa pande zote, kama mgongo wa mpira. Konea yenye astigmatizimu imekaa kama ubavu wa yai hilo. Nuru inayopita kwa njia moja inakusanyika mahali pake, na nuru inayopita kwa njia nyingine inakusanyika mahali pengine. Kwa hiyo hakuna umbali wowote ambapo picha yote inakuwa safi. Mistari ya kusimama inaweza kuonekana vizuri huku mistari ya kulala ikiwa imetapakaa, au kinyume chake.

Wanafunzi wa kisomo, tazameni herufi mnazozijua. Herufi e hutofautiana na c kwa kamstari kadogo kalicholala katikati. Herufi h hutofautiana na b kwa sababu b imefungwa chini. Mtu ambaye mistari ya kulala inamtapakaa atachanganya e na c kila siku, hata afundishwe na mwalimu hodari namna gani. Wengine wenu hapo mnaona aibu kwamba mmekaa miezi sita na herufi bado zinawachezea. Nawaomba mkapimwe macho kabla hamjajilaumu. Na walimu, kabla hamjaandika katika daftari lenu kwamba mwanafunzi ni mvivu, mpelekeni akapimwe.

Dawa ya miwani kwa tatizo hili ilipatikana zamani. Mwanafalaki mmoja Mwingereza, George Airy, alikuwa na jicho la namna hiyo. Mwaka 1825 alichora vipimo vya kioo ambacho kimekunjwa zaidi upande mmoja kuliko mwingine, akamtafuta fundi wa kukisaga. Kioo kile kilirudisha usawa ambao konea yake ilikosa. Miwani ya astigmatizimu ya leo hufuata kanuni ile ile. Jambo la kukumbuka ni kwamba kioo hiki kina mwelekeo. Kikikaa sawa kinasaidia, kikigeuzwa kinaharibu zaidi. Ndiyo sababu miwani ya jirani, au ile iliyotandazwa juu ya turubai gulioni, haiwezi kumfaa mwenye astigmatizimu isipokuwa kwa bahati kubwa.

Kijana wa Kabuku basi anayo dawa tayari: miwani iliyosagwa kwa namba zake. Lakini mjomba hakusema uongo. Lenzi ya ndani ya jicho ipo, na historia yake inafaa kusimuliwa, kwa kuwa inaonyesha kwa nini madaktari huenda nayo polepole.

Alikuwapo daktari wa macho wa London aitwaye Harold Ridley. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikaa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, akachunguza upofu unaoletwa na inzi weusi wa mitoni. Huko Uingereza, katika vita vya angani vya mwaka 1940, marubani walikuwa wakipigwa risasi, na vifuniko vya ndege zao, vilivyotengenezwa kwa plastiki ngumu iitwayo Perspex, vilipasuka na vijipande vikawaingia machoni. Ridley alitambua kwamba vijipande vile vikitulia humo, jicho haliwaki wala halitoi usaha. Husimuliwa pia kwamba siku moja mwanafunzi wake alimtazama akitoa mtoto wa jicho, yaani lenzi ya asili iliyogeuka nyeupe, akamwuliza kwa nini hakuweka nyingine mahali pake. Swali hilo lilimkaa moyoni. Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas', alimtia mgonjwa lenzi ya plastiki ndani ya jicho kwa mara ya kwanza.

Sikilizeni matokeo yake. Lenzi ilikuwa na nguvu kupita kiasi, kwa sababu plastiki hupinda nuru zaidi kuliko lenzi ya asili. Mgonjwa yule alibaki haoni mbali kabisa, kwa kiasi cha dayopta 18, na juu yake akawa na astigmatizimu ya dayopta 6. Yaani lenzi ya kwanza kabisa ilimletea mtu ugonjwa ule ule ambao leo lenzi nyingine hutumika kuuondoa. Madaktari wengi wakubwa wa wakati huo walimpinga Ridley kwa miaka mingi. Yeye aliendelea kurekebisha hesabu zake, na uzeeni alipopata mtoto wa jicho mwenyewe, naye alitiwa lenzi.

Kwetu Afrika faida ya kazi hiyo ilichelewa kufika. Kwa miaka mingi wazee waliotolewa mtoto wa jicho walipewa miwani mizito kama kitako cha chupa. Ikivunjika, au mjukuu akiipoteza, mzee alirudi gizani. Lenzi moja ya kupandikiza iligharimu zaidi ya dola 100, na hospitali za wilaya hazikuweza. Mambo yalianza kugeuka pale viwanda vya lenzi vilipofunguliwa katika nchi zenyewe zenye shida. Kimoja kilifunguliwa Madurai, India, mwaka 1992. Kingine kilifunguliwa Asmara, Eritrea, mwaka 1994, kwa juhudi zilizoanzishwa na daktari wa Australia, Fred Hollows, aliyefariki mwaka mmoja kabla. Bei ya lenzi ikashuka chini ya dola 10. Leo mzee akitolewa mtoto wa jicho, kutiwa lenzi ndiyo desturi.

Hapo ndipo watu wengi wanapochanganya, na nadhani mjomba naye amechanganya. Lenzi ya mzee inachukua mahali pa lenzi ya asili iliyoharibika. Lenzi anayotajiwa kijana ni ya namna nyingine. Lenzi yake ya asili ni nzima, na inaachwa humo humo. Ile mpya inaongezwa mbele yake, kama miwani iliyofichwa ndani.

Mtu wa kwanza kujaribu jambo hili alikuwa Benedetto Strampelli wa Italia, mwaka 1953. Aliweka lenzi mbele ya lile duara lenye rangi. Nyingi zikaharibu konea kutoka ndani, na kazi ikaachwa kwa miaka mingi. Lenzi za sasa ni laini. Huviringishwa, zikapitishwa katika tundu la milimita 3 hivi kando ya konea, kisha zikakunjuka nyuma ya duara la rangi. Mgonjwa hutiwa dawa ya ganzi ya matone, na kwa kawaida kazi ya jicho moja haizidi nusu saa. Marekani ilizikubali lenzi hizo mwaka 2005, na zile zenye kurekebisha pia astigmatizimu mwaka 2018.

Lenzi ya astigmatizimu, kama nilivyosema juu ya miwani, ina mwelekeo. Fikirini uso wa saa. Kutoka namba 12 hadi namba 1 ni nyuzi 30. Lenzi ikijigeuza ndani ya jicho kiasi hicho tu, faida yake yote kwa upande wa astigmatizimu imepotea. Ikijigeuza theluthi ya hapo, theluthi ya faida imekwenda. Miwani ikikaa upande utaisawazisha kwa kidole. Lenzi iliyo ndani husawazishwa na daktari, kwa kufungua jicho tena.

Na yako mengine. Presha ya jicho yaweza kupanda baada ya kazi, na isipotazamwa mapema huua mshipa wa kuona. Lenzi ya asili yaweza kufanya mtoto wa jicho kabla ya wakati. Kwa hiyo mwenye lenzi hizo hana budi kurudi kupimwa siku za mwanzo, na baadaye mwaka hata mwaka, kwa daktari mwenye vyombo vya kazi hiyo. Mtu wa Kabuku ahesabu nauli hizo pia. Zaidi ya hayo, jicho refu hubaki refu. Retina yake ni nyembamba na yaweza kuchanika, lenzi iwemo isiwemo. Mtu kama huyo akiona ghafula mimweko ya nuru, vidoa vingi vyeusi, au pazia linashuka upande mmoja, aende hospitali siku ile ile. Hata mwenye lenzi, akifika miaka ya arobaini na kitu atahitaji miwani ya kusomea kama sisi sote.

Sasa namjibu mama wa Kabuku. Masharti ya lenzi hiyo yaliyowekwa Marekani yanataka mtu awe ametimiza miaka 21, na namba zake za macho ziwe zimetulia. Kijana wako ana miaka 18. Jicho lake huenda bado linarefuka, na lenzi iliyopimwa leo yaweza isimfae baada ya miaka miwili. Kwa hiyo mama, usiuze michungwa. Mnunulie miwani, mrudishe darasani. Akifika umri, na kama namba zake ni kubwa sana au miwani haimtoshelezi, aulize upya, akiwa na kazi na fedha zake. Lenzi hii ni msaada mkubwa kwa watu wachache wenye namba nzito. Mwenye namba ndogo, kwa maoni yangu, hana sababu ya kufunguliwa jicho zima.

Nataka pia umwulize mpimaji jambo moja. Kijana akisugua macho kila mara kwa mwasho, na kila mwaka astigmatizimu yake inaongezeka, yawezekana konea yake inadhoofika na kuchomoza kama ncha ya pia. Huo ni ugonjwa wa peke yake, na huwapata hasa vijana. Wahitaji daktari bingwa mapema, maana iko tiba ya kuuzuia usiendelee. Na kusugua macho kukome leo.

Walio Handeni waanzie hospitali ya wilaya yao, na walio Korogwe waanzie Magunga. Wakihitaji zaidi wataandikiwa kwenda Bombo, Tanga, hospitali ya mkoa. Juu ya hapo ipo KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ambayo hufundisha madaktari wa macho. Basi la Moshi linapita hapo hapo Korogwe. Na mwenye mzazi aliyeota kitu cheupe mbonini asingoje habari za lenzi za vijana. Yeye ndiye wa kupelekwa kwanza, maana lenzi yake iko tayari na kazi yake inajulikana. Asikubali mganga yeyote amchome jicho au amtilie maji ya majani.

Mwisho tufanye zoezi la kusoma. Mtu akipimwa hupewa karatasi, na wengi huikunja mfukoni bila kuitazama. Mwalimu, andika ubaoni hivi:

Kulia: −4.00 −2.00 × 180

Namba ya kwanza ni ya kutoona mbali. Ya pili ni ya astigmatizimu. Ya tatu, baada ya alama ya kuzidisha, ni mwelekeo kwa nyuzi, nayo haipiti 180. Karatasi yenye namba moja tu ni ya mtu asiye na astigmatizimu. Nakilini namba hizo katika madaftari. Mwenye miwani atoe karatasi yake, awasomee wenzake, na ile ya mwaka huu ilinganishwe na ya zamani kama anayo. Kisha kila mmoja afanye hesabu hii: mtu ambaye karatasi yake imeandikwa −5.00 peke yake, bila miwani anaona herufi vizuri mpaka sentimeta ngapi? Majibu yenu mpimiane kwa rula.